Kamera Pepe Ilivyofika Mofu

Hapa Mofu kazi yangu ni kupiga video za harusi, kipaimara na misiba. Vijana ninaowafundisha wanadhani kurusha picha mubashara kulianza na simu zao. Nataka wawajue waliotangulia.

Tanzania Bara tulianza kuona televisheni ya kwetu mwaka 1994, Zanzibar wakiwa nayo tangu miaka ya sabini. Kuhama hewani kutoka kamera moja hadi nyingine kulitaka gari la matangazo na miksa ya fedha nyingi. Kompyuta nazo zilipoingia zilikuja na ukaidi: programu moja ikishaishika kamera, ya pili mara nyingi ilijibiwa kuwa kamera inatumika.

Waliofungua mlango wa programu kugawana picha hawakuwa wenye vituo vya televisheni. Walikuwa wasanii wanaomulika picha ukutani kwenye maonyesho ya muziki. Mwaka 2010 Tom Butterworth na Anton Marini walitoa Syphon kwa ajili ya kompyuta za Mac. Ujanja wake naupenda mpaka leo: picha haihamishwi. Inabaki palepale kwenye kumbukumbu ya kadi ya video, programu nyingine inaelekezwa tu ilipo, ikaisome. Ndiyo maana haichelewi. Windows ikapata Spout, ya kazi hiyohiyo. Linux ina v4l2loopback, inayoiaminisha kompyuta kwamba kuna kamera imechomekwa. Mwaka 2012 Hugh Bailey akatoa OBS, programu ya kuchanganya kamera na kurusha mubashara, bure kabisa, wacheza gemu wakaikimbilia.

Bonde letu la Kilombero liliona haja ya mambo haya 2020, wakati wa korona. Makanisa yetu hayakufungwa, lakini ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa tangu Aprili hadi Mei 18. Aliyekuwa Ulaya hakuweza kuja kumzika mzazi wake. Simu ya kushikwa mkononi ilimwonyesha migongo ya waombolezaji, na hilo liliniuma.

Katika msiba mmoja niliweka kamera moja karibu na padri, nyingine pembeni ya kaburi, jenereta nyuma ya nyumba. Zote zikaingia OBS, nikaandika jina la marehemu chini ya picha. Kwa kiraka kilichotengenezwa na mtu wa kujitolea, mchanganyiko ule ukatoka kama kamera moja, ndiyo kamera pepe. Kwenye Zoom, chini ya kamera ya kompyuta, likatokea jina la pili, nikalibofya. Binti wa marehemu akasema kutoka Ujerumani, "Kaka, naomba nimwone mama mdogo." Nikamgeuzia kamera, wakaanza kulia pamoja na kuulizana hali. Televisheni isingempa nafasi ya kuomba.

Septemba mwaka huohuo OBS toleo la 26 likaja na kamera pepe ndani yake kwa Windows, na Desemba likafuata la Mac na Linux. Kiraka hakitafutwi tena. Kijana akija kujifunza kwangu, naanza na kitufe cha kamera pepe kabla sijamkabidhi kamera.