Mama Zura Karuhimbi: Nyumba ya Vyumba Viwili Iliyoficha Watu Zaidi ya Mia

Katika gazeti la maadhimisho kama hili tumezoea kuandika majina ya waanzilishi, wachungaji na wainjilisti. Tunasimulia jinsi Injili ya Kipentekoste ilivyovuka mpaka kutoka Kongo ikafika Gihundwe mwaka 1940, ikiletwa na wamisionari wa Uswidi. Ni historia njema, na watoto wetu waijue. Lakini ipo historia nyingine, ya akina mama wa nyumbani, ambao hawakupanda mimbarani wala picha zao hazikutundikwa ukutani. Leo nakuomba ukae kidogo na mama mmoja wa namna hiyo.

Jina lake ni Zura Karuhimbi. Ukitoka hapa Kigali ukavuka Nyabarongo, ukapita Kamonyi na Muhanga, unafika Ruhango. Huko, katika kijiji cha Musamo, ndiko alikoishi. Alikuwa mjane mwenye shamba dogo na nyumba ya vyumba viwili tu. Hati zake zilionyesha kwamba alizaliwa mwaka 1925, lakini yeye mwenyewe alisema ameshapita miaka mia. Alitoka katika ukoo wa waganga wa mitishamba, kwa hiyo majirani walimwogopa. Eti mchawi.

Mama huyu alisimulia kwamba hata katika machafuko ya 1959 aliwahi kumwokoa mtoto mdogo wa kiume. Alichukua shanga za mkufu, akamwambia mama wa mtoto azifunge kwenye nywele zake, ili wauaji wadhani ni msichana. Basi kumbe Mungu alikuwa anamwandaa mapema.

Ikafika Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu wakakimbilia kwake. Akawaficha chini ya kitanda, juu darini, wengine shambani. Walikuwa zaidi ya mia. Hebu fikiri, wewe mama unayesoma haya: watu wote hao, na nyumba ni vyumba viwili! Watakula nini? Mtoto akilia usiku utafanyaje? Kila mwenye kuendesha nyumba anajua kwamba hilo ni jambo zito kuliko maneno.

Interahamwe walipokuja, hakuwa na bunduki wala panga. Alikuwa na sifa yake mbaya tu, akaitumia. Alijipaka yeye na nyumba yake majani yanayowasha ngozi, na aliyemgusa akaanza kujikuna kwa hofu. Alitikisa bangili na chochote chenye kupiga kelele, akawaambia kwamba wakiingia humo watakuwa wanajichimbia kaburi wenyewe. Wakarudi nyuma. Wakamwahidi fedha, akakataa. Mauaji yalipokoma mwezi wa saba, waliojificha kwake walikuwa hai. Lakini yeye mwenyewe alifiwa na mwanawe katika siku zile zile.

Sasa najua swali lililo moyoni mwako, mpendwa, maana sisi Wapentekoste tumefundishwa kukemea uchawi. Je, inafaa kumtukuza mama aliyejiita mchawi? Kwanza, sikia alivyosema mwenyewe baadaye: alimwamini Mungu mmoja, na mambo ya nguvu za uchawi yalikuwa kifuniko tu cha kuokoa watu. Pili, fungua Biblia yako. Rahabu wa Yeriko alikuwa na jina baya mjini, tena aliwadanganya askari wa mfalme, na bado Waebrania sura ya 11 inamweka kati ya mashujaa wa imani. Shifra na Pua, wale wakunga wa Misri, walimpa Farao jibu la kumzungusha ili watoto waishi. Mungu akawatendea mema. Basi nani atamfungia Mama Zura mlango?

Lazima pia tuseme ukweli unaotuuma. Mwaka ule watu wengi walikimbilia makanisani wakiamini kwamba pale ni salama. Nenda Ntarama, nenda Nyamata, nenda Nyange, uulize kilichotokea. Jengo lenye msalaba likawa mahali pa kifo, na kibanda cha mwanamke aliyeitwa mchawi kikawa safina ya Nuhu. Hapo, ndugu yangu, hakuna dhehebu la kujisifu. Ni kupiga magoti.

Mwaka 2006 Rais Paul Kagame alimvisha nishani iitwayo Umurinzi, ya waliopinga mauaji ya kimbari. Wewe unayesoma Kiswahili hulihitaji kamusi kwa neno hilo: umurinzi ni mlinzi. Hata huko Padova, Italia, walimkumbuka katika bustani ya watu wenye haki. Heshima zote hizo, na yeye akaendelea kuishi kijijini kwake Musamo, katika maisha ya kawaida, mpaka alipofariki Desemba 2018.

Ushirika wetu una watu wa Kigali, Bukavu, Goma, Bujumbura na Kampala. Unajua mwenyewe yanayosemwa siku hizi mpakani, jirani akimwita jirani yake adui. Basi tunaposherehekea, tusihesabu matawi na vyombo vya muziki peke yake. Tuhesabu na milango. Ni nyumba ngapi kati yetu ambazo mtu wa kabila lingine, wa nchi nyingine, akigonga saa nane za usiku atafunguliwa?

Na kama mama yako au bibi yako bado yuko hai, kaa naye wiki hii. Muulize aliwahi kumficha nani, alimlisha nani, alimlea mtoto wa nani. Andika majibu yake, maana hiyo nayo ni historia ya kanisa.

Mungu atupe mioyo ya akina mama wa namna hiyo. Amina.