Kipaumbele cha sauti katika njia ya intaneti iliyosongamana

Sauti ya simu inayopitia intaneti hugawanywa katika vipande vidogo vya data, aghalabu 50 kwa sekunde. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili, hakuna adhuriwaye. Sauti ikichelewa hivyo, mazungumzo huvurugika. Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kumfikia msikilizaji.

Njia inaposongamana, vipande hivyo hukwama nyuma ya mafaili makubwa. Dawa ni kuvitia alama, kisha kuiagiza ruta ivipitishe kwanza, mithili ya gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani.

Hata hivyo, kipaumbele hakipanui njia. Simu zikizidi uwezo wake, zote huharibika. Hivyo ni sharti idadi yake iwekewe kikomo. Wala hakifupishi safari. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani. Safari hiyo pekee ilichukua takriban robo ya sekunde, ambayo hakuna foleni ingeweza kuipunguza.