Tatu, Dawa na Maji

Ukikatiza Kariakoo au Gikomba utaiona tu: fulana yenye sura ya Che Guevara, bereti na nyota, na chini yake maneno ya Kihispania. Revolución. Pueblo. Compañero. Hasta la victoria siempre. Vijana tunayatamka vizuri hata kama hatujawahi kukaa darasa la Kihispania. Swali langu kwa wadau leo ni la upande wa pili: Je, Che naye alijifunza maneno gani ya kwetu?

Aprili 1965 Che alitua Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo. Ili wasijulikane, Wacuba wakafungua kamusi ya Kiswahili na kupeana namba ziwe majina. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che akawa Tatu. Mkubwa wa msafara akajificha kwenye namba tatu, akatambulishwa kama daktari na mkalimani.

Neno la Kiswahili lililomsumbua kuliko yote lilikuwa "dawa". Aliwakuta wapiganaji wanaoamini kwamba mganga anaweza kuwakinga na risasi. Waasi wa Kongo wa miaka hiyo, waliojiita Simba, walikuwa wakiingia vitani wakipiga kelele "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu.

Maji! Msomaji wa Lindi au Kilwa hapo lazima ashtuke kidogo.

Miaka 60 kabla ya Tatu kuvuka ziwa, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, bara ya Kilwa, aligawa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, akisema yatazifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kung'oa mche ndiyo ilikuwa barua yao ya kutangaza vita. Agosti 4 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Boma la Liwale likachomwa mwezi huohuo, na vita ikafika mpaka Ungoni.

Tunajua mwisho wake. Maji hayakuzuia risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikamalizia. Wao wenyewe walitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Basi wengi wetu tukitoka shuleni tunaikumbuka Majimaji kama kisa cha watu walioamini uchawi, tunafunga daftari.

Mimi nadhani tunakosea tukiishia hapo. Hebu tazama lile neno lilifanya kazi gani. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni hawakuwa na mfalme mmoja, wala chama, wala gazeti. Walipata neno moja ambalo hata bibi aliye shambani alilielewa bila kutafsiriwa. Kama dawa lilishindwa. Kama msamiati wa mapinduzi lilifika mbali kuliko kijikaratasi chochote.

Che aliliona pengo hilo upande wake. Alipoandika kuhusu Kongo, aliuita msafara wake kushindwa, na kati ya makosa yake mwenyewe alitaja hili: hakujifunza Kiswahili haraka wala vya kutosha. Kifaransa chake kilimwezesha kuongea na wakubwa, kikamweka mbali na askari wa kawaida.

Kwa hiyo wanaojifunza Kihispania, endeleeni, ni lugha tamu. Neno pueblo peke yake lina utajiri: ni kijiji, tena ni umma. Ila ukishalijua, jiulize kama unaweza kukaa barazani na mzee wa Nandete ukamweleza unataka kubadilisha nini, kwa maneno ambayo hayahitaji kamusi. Tatu alikuwa na bunduki, ujasiri na jina kubwa duniani. Kilichompungukia kilikuwa kile ambacho wewe ulizaliwa nacho.