Darasa la madaktari lilipohamia Zoom

Leo tuache kidogo habari za programu na simu mpya, twende hospitalini. Msijali, kompyuta zitaingia tu.

Huko Marekani daktari anayesomea ubingwa huitwa mkaazi. Kwa nini mkaazi? Kwa sababu alikaa! Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, William Osler na William Halsted waliweka utaratibu wa madaktari vijana kuishi humo humo, wafunzwe kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapa Kenya tunamwita rejistra, na siku hizi ana kwake, ingawa ukiuliza familia yake huenda ikakuambia vingine.

Sasa, utamfunza vipi mtu kando ya kitanda wakati kukaribiana ndiyo hatari yenyewe? Hilo ndilo swali lililozuka Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la Korona tarehe 11 Machi 2020.

Nusu ya jibu ilikuwepo tayari. Mwaka 2003 Sanjeev Arora, daktari wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alianzisha mradi uitwao ECHO. Badala ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C kusafiri masaa mengi hadi kwake Albuquerque, aliwaunganisha madaktari wa vijijini kwa video. Kila mmoja anasimulia kisa cha mgonjwa wake, wote wanajadili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine: waliotibiwa vijijini walipona sawa na waliotibiwa chuoni. Yaani mtandao unaweza kufunza udaktari, mradi mwanafunzi ana mgonjwa mbele yake.

Mihadhara ya mchana ikahamia Zoom. Si wao peke yao: Zoom ilikuwa na washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019, wakapita milioni 200 Machi 2020. Wahuni nao wakagundua kwamba mkutano usio na neno la siri ni mlango wazi. Hebu fikiria kisa cha mgonjwa kinajadiliwa halafu mgeni anachungulia! Aprili Zoom ikaweka maneno ya siri na chumba cha kungojea kama kawaida. Kwa maoni yangu, hayo yangekuwepo tangu mwanzo.

Wapasuaji ndio walioumia. Upasuaji usio wa dharura ulisimamishwa, na video haishiki kisu. Bodi ya Upasuaji ya Marekani hudai kesi 850 kabla ya kuhitimu; mwaka huo ikakubali pungufu kwa asilimia 10.

Kisha ukaja mtihani. Bodi hiyo iliamua maswali ya Julai 2020 yafanyiwe nyumbani, msimamizi akiangalia kupitia kamera. Tarehe 16 Julai watahiniwa wakaketi, na mitambo ikaanza kuwakwamisha. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo: mfumo unaofanya kazi vizuri kwa watu kumi, wakija wengi kwa saa moja unapiga magoti. Mtihani ulikuwa wa siku mbili. Ulifutwa siku ya kwanza, na watu waliokuwa wamesomea upasuaji kwa miaka 5 wakafunga tarakilishi zao bila kujua watafanya lini mwingine.