Roketi za Shaba

Mimi ni fundi wa malori hapa Mikindani, Mombasa. Historia ya roketi naipenda kwa sababu sura yake moja kubwa ilitokea jimbo la Shaba, Zaire ya zamani (Kongo ya leo), huko huko yanakopeleka mizigo malori yetu.

Katikati ya miaka ya 1970 Mjerumani Lutz Kayser alianzisha OTRAG, kampuni binafsi iliyotaka kupeleka satelaiti angani kwa bei nafuu. Rais Mobutu wa Zaire aliikodishia eneo kubwa mno. Roketi ya kampuni hiyo ilikuwa mabomba membamba yanayofanana, yaliyofungwa pamoja. Mzigo ukizidi, unaongeza mabomba. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota za waipa za magari. Mota hiyo naijua kwa mikono yangu: ndogo, ngumu, haichoki mvua ikinyesha kutwa.

Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Juni 1978, Mobutu akitazama, ya tatu ilianguka. Muungano wa Kisovieti ulidai kuwa zile ni silaha, na mwaka 1979 Mobutu akaisimamisha kampuni.

Leo kati ya wanaoshindana kurusha roketi ni Wamarekani. Februari 2018 roketi ya Falcon Heavy ya kampuni ya SpaceX iliruka, na roketi zake mbili za ubavuni zikarudi kutua wima. Novemba 2025 sehemu ya chini ya New Glenn, roketi ya kampuni ya Blue Origin, nayo ikatua juu ya meli. Kayser alitupa vya rahisi. Hawa wanarudisha vya ghali, kama lori linaloshusha mzigo Lubumbashi likarudi Mombasa kupakia tena.

Walimu wetu, wafundisheni watoto habari za Shaba. Mashindano haya yalipita kwetu pia.