Mionzi na Ubongo wa Mtoto

Ukifika uwanja wa ndege wa Moi hapa Changamwe, huenda ukamwona mzazi amempakata mtoto, faili la hospitali mkononi, safari ni India. Mtoto ana uvimbe wa ubongo, anapelekwa kuchomwa kwa mionzi. Kabla nawe hujauza shamba, sikiliza mionzi hii ilikotoka.

Mwaka 1951 Kanada ilianza kutibu kwa kobalti, na mwaka 1968 tiba ya mionzi ikaanza Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Kobalti huua uvimbe, ila hugusa pia sehemu nzima zilizo jirani. Ikaja linaki, mashine ya umeme, iliyotumika London tangu 1953. Za leo huongozwa na kompyuta zikafuata umbo la uvimbe, lakini mionzi hutokea upande wa pili wa kichwa. Protoni, zilizoanza kutibu watu Marekani mwaka 1954, husimama kwenye uvimbe. Chennai, India, ilifungua kituo chake mwaka 2019.

Ubongo wa mtoto ungali unakua. Mionzi ikigusa sehemu nzima, huweza kudhoofisha masomo na ukuaji wake. Lakini si kila uvimbe unahitaji protoni, na kuchelewa ni hatari. Linaki sasa ipo hata Makadara.

Mtoto akitapika asubuhi mara kwa mara, akiumwa kichwa au akiyumba, mpeleke hospitali. Umuulize daktari: "Wangu anahitaji mionzi ipi, na je, hapa ipo?" Kuuliza si ujinga.