Jiji la Mawe Lisilo na Gundi

Jiwe la Bismarck, lile linalopigwa picha na kila mgeni anayeshuka bandarini Mwanza, halijashikizwa na kitu. Limekaa juu ya mawe mengine kwa uzito wake tu. Ukipanda vilima vya Bugando au Mabatini utakuta mambo ni yale yale: miamba ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, jiwe juu ya jiwe, na nyumba zimebanwa katikati. Mtu angedhani mji wenye mawe mengi kiasi hiki umejaaliwa kila kitu cha kujengea. Kumbe umenyimwa kimoja, nacho ni cha kulishikisha jiwe na mwenzake. Nikiitazama historia ya ujenzi kwenye mwambao huu wa Ziwa Victoria, naiona kuwa ni historia ya watu wanaotafuta gundi.

Waliotangulia walikwepa tatizo lenyewe. Kule Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori nchini Kenya, si mbali na ziwa, zimesimama hadi leo kuta za mawe zilizoanza kujengwa yapata karne ya 16. Baadhi zina kimo cha karibu mita 4, na hazina tone la udongo katikati. Kila jiwe limechaguliwa likae mahali pake, yale madogo yakajaza mianya. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Upande wa Usukuma watu waliona hakuna haja ya kuhangaika na jiwe: walisuka fito, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Magharibi ya ziwa, Buhaya, wafua chuma wa kale walijua siri moja kubwa zaidi, kwamba udongo wa kichuguu hustahimili moto, na kwa huo wakajenga matanuru ya kuyeyushia chuma. Kuuchoma udongo mpaka ubadilike tabia ni elimu ya zamani sana hapa ziwani. Tutairudia.

Pwani ya Bahari ya Hindi gundi ilikuwepo. Watu wa Kilwa na Songo Mnara walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kwa chokaa hiyo wakajenga misikiti na majumba ambayo magofu yake tunalipa kiingilio kuyaona. Lakini chokaa hutaka mawe ya chokaa au matumbawe, na itale ya Mwanza, uichome mchana na usiku, haitoi chokaa. Upande wa Kenya walibahatika kidogo, maana mawe ya chokaa yako Koru, njia ya Kisumu. Kusini ya ziwa bahati hiyo haikufika.

Kwa hiyo walipoingia wamisionari wa White Fathers, walioanzisha kituo cha Bukumbi mwaka 1883, na Wajerumani waliojenga boma Mwanza mwaka 1892, kitu chochote cha kiwandani, saruji ikiwemo, kilipaswa kubebwa kutoka mbali. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, Mwanza ya Mjerumani ikawa inahudumiwa na reli ya Mwingereza: mzigo ukishuka Mombasa, unapanda garimoshi, kisha unavuka ziwa kwa meli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Miaka ya 1950 Tororo, Uganda, ikapata kiwanda cha saruji, na mwaka 1966 Wazo Hill ikaanza kuzalisha jijini Dar es Salaam. Gundi ikawa ya Kitanzania, ila kutoka Wazo hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Wenye umri wanakumbuka pia miaka ya uhaba, saruji ilipopatikana kwa kibali, na mtu kujenga msingi mwaka huu, ukuta akaungoja mwaka usiojulikana.

Saruji hiyo, aliyoiandikishia hataza Joseph Aspdin wa Uingereza mwaka 1824, ina deni lingine ambalo haliandikwi kwenye mfuko wa kilo 50. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Moto wenyewe hutoa moshi, lakini sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutoka ndani ya jiwe, kwa sababu jiwe la chokaa likichomwa huachia gesi iliyofungwa humo. Hata ukipata moto usio na moshi, hewa hiyo itatoka tu. Ndiyo maana saruji peke yake huhesabiwa kuwa na asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Waliojaribu kutengeneza gundi isiyotegemea chokaa hawakuwa wachache. Mwaka 1940 Mbelgiji Arthur Purdon alieleza jinsi taka za tanuru la chuma zilivyoganda kama jiwe zilipochanganywa na magadi makali. Miaka ya 1950 saruji ya namna hiyo iliuzwa Ubelgiji, ikatumika hata katika jengo la maegesho la Parking 58 katikati ya Brussels. Wakati huohuo Viktor Glukhovsky, mjini Kyiv, alikuwa akifuata njia hiyo hiyo na kuiita saruji ya udongo. Kisha akaja Mfaransa Joseph Davidovits. Baada ya moto kuua watu katika majengo ya kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitafuta kitu kisichoungua, na mwishoni mwa muongo huo akakibatiza jina la jiopolima. Huyu ndiye aliyedai pia kwamba mawe ya piramidi za Misri yalimiminwa kama zege. Wataalamu wengi wa Misri ya kale hawakubaliani naye, nami nawafuata wao; dai hilo limeichafulia jina kemia ambayo haikuhitaji farao wa kuitetea.

Kemia yenyewe ni hii, nayo inatурudisha kwenye elimu ile ya kuuchoma udongo. Udongo wa mfinyanzi na majivu mengi yana silika na alumina. Ukiuchoma udongo wenye kaolini kwenye nyuzi 600 hadi 800, mpangilio wake huvunjika, ukawa tayari kuungana upya. Ukiumwagia kostiki, yaani magadi makali, ile ile ya watengeneza sabuni, pamoja na siliketi ya sodiamu, huyeyuka kidogo kisha hushikamana kuwa mtandao mgumu. Changanya na mchanga, umepata mota. Hakuna jiwe la chokaa humo, na moto wake ni karibu nusu ya ule wa saruji.

Hapo ndipo Mwanza inapoingia. Itale ambayo haikutoa chokaa, ikiozeshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, huwa udongo wa kaolini. Nchi nyingine hutegemea majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe; uwanja wa ndege wa Wellcamp, Toowoomba, Australia, uliofunguliwa mwaka 2014, una maelfu ya mita za ujazo za zege la namna hiyo. Sisi umeme wetu hutoka zaidi kwenye maji na gesi, kwa hiyo majivu hayo hatuna. Tuna matanuru ya tofali. Kanda ya Ziwa hulima mpunga, pumba zake huchomea tofali, na majivu ya pumba huwa na silika kwa asilimia 85 hadi 95. Sharti ni moto wa kiasi: ukizidi sana nyuzi 700, silika hujipanga upya ikawa butu. Majivu meupe ya tanuru lililowaka kupita kiasi hayafai, hata yakipendeza macho. Majivu mazuri yakichemshwa na kostiki hutoa siliketi ile ile inayoagizwa kwa fedha za kigeni. Hata vipande vya tofali zilizovunjika, vikisagwa laini, vinaweza kuingia kwenye mchanganyiko.

Na kostiki? Magadi yapo. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kibiashara tangu mwaka 1911, na magadi yakichemshwa na chokaa iliyozimwa hutoa kostiki. Hiyo ni njia ya zamani ya watengeneza sabuni. Ziwa Natron letu lina magadi tele, lakini ndilo zalio kuu la heroe wadogo Afrika Mashariki, na mpango wa kujenga kiwanda pale miaka ya 2000 ulipingwa vikali. Kwa hiyo chokaa hatuiepuki kabisa, na gundi hii nayo ina gharama zake.

Tuje kwenye nguvu. Jiopolima iliyotengenezwa vizuri hufikia megapaskali 30, 40, hata zaidi ya 60, sawa na saruji nzuri au kuipita. Ikipashwa joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa siku moja, yaweza kupata kwa saa 24 nguvu ambazo saruji huzisubiri siku 28. Fundi wetu aliyezoea kumwagilia ukuta asubuhi na jioni itabidi asahau kazi hiyo: jiopolima changa ikimwagiwa maji hupoteza magadi yake. Hufunikwa kwa nailoni ikaachwa.

Kwenye asidi ndipo inapoitoa saruji jasho. Ndani ya mabomba ya maji taka, bakteria hugeuza gesi yenye harufu ya yai viza kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula saruji kwa sababu ya kalsiamu yake. Jiopolima yenye kalsiamu kidogo huvumilia zaidi. Huvumilia moto pia, na anayejua jinsi oveni za kubanikia samaki kwenye mialo yetu zinavyopasuka ataelewa maana ya neno hilo.

Lakini ina kasoro zake. Ikikosewa vipimo hutoa ungaunga mweupe wa chumvi ukutani. Yaweza kusinyaa na kupasuka. Kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho, na fundi anayekoroga zege pekupeku, bila glavu, hatakiwi kuisogelea. Kostiki ya kiwandani nayo hutumia umeme mwingi, hivyo nafuu ya hewa ya ukaa hutegemea imetoka wapi. Tena historia yake ni fupi: Parking 58, iliyobomolewa baada ya miaka 60 hivi, iliwapa watafiti zege la zamani la kupima, wakalikuta bado liko imara. Kilwa ina karne nyingi za ushahidi.

Mnamo Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, kazi ya saruji na chuma, na sina ugomvi nalo. Daraja si mahali pa kufanyia majaribio. Lakini kuna mabomba ya maji taka, oveni za samaki, na matofali ya kutandika njia za miguu zinazopanda vilima vya Igogo. Anayetaka kuanza, aanzie huko, na avae glavu.